Mchezaji akikauka, tumteme lini? Historia kutoka besiboli ya Marekani

Wiki hii hatuandiki historia ya Kongo wala ya Burundi. Tunaandika juu ya jambo ambalo limegawa kundi letu tangu Mei, mpaka wengine hawasalimiani vizuri: mchezaji wako wa fantasi amekauka, hapigi kitu, pointi haziji. Unamtema au unamngoja?

Wengi wenu mnaijua fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza. Ile ya besiboli tumeletewa na ndugu yetu mmoja aliyehamishiwa Marekani. Alikaa kule msimu mmoja tu, akaanza kutusumbua kwenye simu, eti tuunde ligi yetu. Tukaunda, timu nane. Mechi nyingi za kule zinaanza saa nane usiku za kwetu, kwa hiyo mpira wenyewe hatuuoni. Tunaamka asubuhi, tunawasha bando, tunasoma namba. Na hapo ndo shida inapoanzia, maana mtu anayesoma namba bila kumwona mchezaji ana haraka sana ya kutema.

Basi badala ya kuendelea kupiga kelele, tumechimba historia. Swali hili ni la zamani kuliko fantasi. Makocha walilala nalo miaka mia iliyopita.

Kwa wasioijua besiboli, tuelewane kwanza. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji ana gongo. Akipiga vizuri na kufika kwenye besi salama, hilo ni pigo zuri. Akipiga ukadakwa, au akiukosa mara tatu, ametoka. Wastani wake ni mapigo mazuri gawanya kwa zamu alizopiga. Mwenye 0.300, yaani mapigo mazuri 30 kwa zamu 100, huyo ni mkali. Ted Williams wa Boston alimaliza msimu wa 1941 na 0.406, na katika ligi za American na National hakuna aliyefika tena 0.400 mpaka leo. Yaani bingwa wa mabingwa alishindwa karibu mara sita kwa kila kumi. Mshike jambo hilo, maana kila kitu kinachofuata kinasimama juu yake: huu ni mchezo ambao kushindwa ni hali ya kawaida, na kazi ya kocha ni kujua kushindwa kupi si kwa kawaida.

Fantasi yenyewe ni changa. Mwaka 1960 mwalimu wa Harvard aitwaye William Gamson alianzisha mchezo wa kuchagua wachezaji na kufuatilia namba zao. Mwaka 1980 mwandishi Daniel Okrent na marafiki zake wakaanza ligi yao New York, wakaipa jina la mkahawa waliokuwa wakikutana kula, La Rotisserie Française. Hapo ndipo mtu asiye na timu wala uwanja alipopata madaraka ya kumfukuza mchezaji. Tofauti ni kwamba kocha wa kweli anamtema mtu mwenye mke na kodi ya nyumba, sisi tunalitema jina kwenye skrini.

Tuanze na Wally Pipp, maana kule Marekani jina lake limekuwa kama methali ya mtu aliyepoteza nafasi yake kwa siku moja. Pipp alikuwa mchezaji wa besi ya kwanza wa New York Yankees, na hakuwa mtu wa bure. Aliongoza ligi ya American kwa homurani, yale mapigo yanayovuka uzio wa uwanja, mwaka 1916 na tena 1917. Mwaka 1924 alimaliza na wastani wa 0.295. Lakini 1925 ukaanza vibaya. Babe Ruth mwenyewe alikuwa mgonjwa wiki nyingi, timu ikazama, Pipp naye akakauka. Tarehe 2 Juni kocha Miller Huggins akamweka benchi, akaingiza kijana wa miaka 21 aitwaye Lou Gehrig.

Hadithi wanayoipenda watu inasema Pipp aliumwa kichwa siku ile, akaomba vidonge viwili vya aspirini, akapoteza kazi. Ni tamu, lakini haikai sawa na yaliyotokea. Huggins hakumtoa Pipp peke yake. Siku hiyo hiyo alibadilisha na wengine walioshuka kiwango. Alikuwa kocha wa timu inayozama, anajaribu kila kamba. Gehrig naye akakaa pale pale, mechi 2,130 mfululizo.

Sasa sikilizeni kile ambacho hadithi ya aspirini inakificha. Pipp hakuwa ameisha. Aliuzwa Cincinnati, na msimu wa 1926 akapiga wastani wa 0.291. Ukame wake ulipita kama ukame mwingine. Kwa hiyo kama swali la Huggins lilikuwa "Pipp amekwisha?", basi alijibu vibaya. Lakini swali lake lilikuwa jingine: nani amekaa benchi, na kumngoja Pipp kunanigharimu nini? Kwa swali hilo alipatia kuliko kocha yeyote wa zama zake. Kwenye kundi letu watu wanasema "nimemtema fulani" kisha ukiuliza nani ameingia, wanataja mtu ambaye hata wao hawamjui vizuri. Huko si kutema, ni hasira.

Turuke sasa mpaka 1947, kisa ambacho kwa maoni yetu ndicho kikubwa kuliko vyote, na tutakaa hapo kidogo.

Tarehe 15 Aprili 1947 Jackie Robinson aliingia uwanjani kwa Brooklyn Dodgers. Kwa zaidi ya miaka 60 kabla ya hapo, ligi kuu za Marekani zilikuwa zimewafungia mlango wachezaji weusi. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa wazi, palikuwa na makubaliano ya kimya ya wenye timu, na sisi tunajua makubaliano ya kimya yana nguvu gani. Robinson alikuwa na miaka 28. Mechi ya kwanza alipiga zamu tatu, hakupata pigo hata moja. Mwishoni mwa Aprili akakauka kabisa: zamu 20 mfululizo, sifuri.

Siku zile zile za Aprili timu ya Philadelphia ilikuja Brooklyn, na kocha wao Ben Chapman pamoja na wachezaji wake wakamtukana rangi yake mechi nzima, kwa sauti, kutoka benchi lao. Robinson alikuwa ameahidi mwenye timu, Branch Rickey, kwamba hatajibu. Hebu fikiria unapiga mpira unaokuja kwa kasi ile huku kichwani umefunga mdomo namna hiyo. Namba 0 kwa 20 inaandikwa gazetini, matusi hayaandikwi pembeni yake.

Kulikuwa na watu waliosema wazi kwamba angekuwa mzungu angeshawekwa benchi. Yaani kwao uvumilivu wa kocha ulikuwa upendeleo! Mambo yalikuwa kinyume. Mchezaji wa kawaida akiwekwa benchi wiki mbili anarudi, hakuna anayekumbuka. Robinson angewekwa benchi kwa sababu ya zamu 20, ushahidi wa zamu 20 ungetumika kwa watu wote weusi: "mliona, tuliwapa nafasi." Ukame wa mtu mmoja ungekuwa hukumu ya kaumu nzima.

Kocha Burt Shotton alimwacha acheze. Si hivyo tu, mwezi Mei Dodgers wakamuuza Howie Schultz, mchezaji mwingine wa besi ya kwanza aliyekuwa tayari kuchukua nafasi hiyo, tena wakamuuza kwa Philadelphia wale wale. Yaani walifunga mlango wa kurudi nyuma, na Robinson alijua umefungwa. Akamaliza msimu na wastani wa 0.297, akaongoza ligi ya National kwa kuiba besi, mara 29, akapewa tuzo ya Mchezaji Chipukizi wa Mwaka, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa inatolewa.

Tunasimama hapa kwa sababu tunaona vijana wetu. Mmoja akienda majaribio kwenye klabu ya mjini, anapanda basi usiku kucha, anafika na miguu imevimba, anapewa dakika 20 mwisho wa mazoezi. Akipoteza mpira mara tatu, basi. Mwenyeji aliyezaliwa mtaa ule anapoteza mipira hiyo hiyo tatu, anaambiwa rudi kesho. Hatusemi kila mtema ni mbaya. Tunasema uvumilivu nao unagawiwa, na haugawiwi sawa, na kabla hujasema mtu ameshindwa uliza kwanza alipewa zamu ngapi.

Miaka minne baadaye, Mei 1951, New York Giants walimwita Willie Mays. Kijana wa miaka 20, mweusi, kutoka Alabama. Alikuwa Minneapolis kwenye ligi ya chini, amecheza mechi 35 na wastani wake ni 0.477, namba ya kichaa kabisa. Watu wa Minneapolis walikasirika mpaka mwenye timu ya Giants akalipia tangazo kwenye gazeti la kwao kuwaomba radhi. Kisha Mays anafika ligi kuu na kuanza kwa zamu 12 bila kitu. Halafu anampiga homurani Warren Spahn, mmoja wa warushaji wakubwa wa wakati ule, watu wanasema sasa ameamka. Wapi! Zamu 13 nyingine, sifuri. Pigo moja kwa zamu 26.

Mays akalia, akamwambia kocha Leo Durocher amrudishe chini, ligi hii haiwezi. Durocher akamjibu kwamba maadamu yeye ni kocha wa timu ile, Mays ndiye mchezaji wake wa uwanja wa kati. Mays akamaliza na wastani wa 0.274, homurani 20, na tuzo ya Chipukizi wa Mwaka. Giants wakachukua ubingwa wa ligi ya National Oktoba ile. Alipostaafu alikuwa na homurani 660. Alifariki Juni 2024, miaka 93.

Kuna mtu kwenye kundi letu anasema Durocher alikuwa na imani tu. Sisi tunaona alikuwa na ushahidi. Mizani upande mmoja ina zamu 26, upande wa pili ina mechi 35 za Minneapolis, na miguu na mikono ya Mays anapokimbiza mpira uwanjani, vitu ambavyo ukame wa gongo hauvigusi. Ukiweka vyote kwenye mizani, zamu 26 ni nyepesi. Mtu anayesoma namba za wiki tu, kama sisi asubuhi na bando zetu, anaona upande mmoja wa mizani.

Gil Hodges wa Brooklyn tumpitie haraka, ila hatuwezi kumruka. Fainali za World Series za 1952 alipiga zamu 21 bila pigo hata moja, na mwanzo wa 1953 bado alikuwa mkavu. Mashabiki hawakumzomea. Walimtumia barua, rozari, na vitu vya bahati. Padri mmoja wa Brooklyn siku ya joto aliwaambia waumini kwamba hatahubiri, waende nyumbani, washike amri za Mungu na wamwombee Gil Hodges. Lakini pamoja na sala, kocha Charlie Dressen alimwonyesha filamu ya mapigo yake mwenyewe, na ikaonekana mguu wake unakimbia pembeni mpira unapokuja. Wakarekebisha. Alimaliza 1953 na 0.302 na homurani 31. Sala na filamu, chagueni wenyewe. Sisi wengine tunachukua vyote viwili.

Sasa hesabu, na msituogope. Chukua mpigaji ambaye uwezo wake wa kweli ni 0.270. Mpe zamu 100. Kwa bahati tupu, bila kuumwa, bila kugombana na mke, karibu mara moja kwa kila sita atatoka na wastani chini ya 0.226. Zamu 100 ni karibu mwezi mzima. Yaani kwenye timu ya wapigaji tisa wazuri, kila mwezi tegemea mmoja au wawili waonekane wamekufa na hawajafa. Hesabu hii imefanywa na wenzetu wawili wa hisabati kwa kalamu, wakakagua mara mbili.

Mwaka 2001 mtu aitwaye Voros McCracken alitikisa wapenzi wa namba. Alionyesha kwamba mpira ukishapigwa ukabaki ndani ya uwanja, mrushaji hana nguvu kubwa ya kuamua kama utadakwa au utaanguka salama. Katika ligi nzima mipira ya namna hiyo huanguka salama karibu mara tatu kwa kumi. Wapigaji wanatofautiana zaidi kuliko warushaji, lakini nao bahati inawacheza. Kwa hiyo ukiona mchezaji wako amekauka, tazama anatokaje. Anapiga kwa nguvu na mipira inadakwa? Ngoja. Anapunga gongo hewani, straiki tatu, anarudi kukaa? Hapo anza kuwa na wasiwasi, maana hewa haina mdakaji wa kulaumiwa. Tangu 2015 viwanja vyote 30 vya ligi kuu vina mitambo inayopima kasi ya mpira unapotoka kwenye gongo, na namba hizo ni bure, mtu yeyote mwenye simu anazisoma. Hata sisi.

Wachezaji wawili wanaonyesha tofauti hiyo vizuri. David Ortiz wa Boston mwaka 2009 alikuwa na miaka 33. Homurani yake ya kwanza ya msimu ilikuja tarehe 20 Mei, na mwisho wa Mei wastani wake ulikuwa 0.185. Kila mtu alisema mzee amekwisha. Alimaliza msimu na homurani 28. Mwaka uliofuata akaanza vibaya tena, akamaliza na 32. Aliendelea mpaka 2016.

Chris Davis wa Baltimore ni upande wa pili. Mwaka 2013 alipiga homurani 53. Mwanzoni mwa 2016 akapewa mkataba wa miaka saba, dola milioni 161. Wastani wake baada ya hapo: 0.221, kisha 0.215, kisha mwaka 2018 ukawa 0.168, huku ametolewa kwa straiki tatu mara 192. Kuanzia mwisho wa msimu huo mpaka tarehe 13 Aprili 2019 alipiga zamu 54 mfululizo bila pigo zuri, rekodi kwa mtu asiye mrushaji. Siku alipopata pigo, ugenini Boston, mashabiki wa wapinzani walimshangilia. Alistaafu 2021. Tazameni lakini: zile zamu 54 ndizo zilizoingia kwenye habari, na zilikuwa habari ya zamani. Aliyekuwa akisoma straiki za mwaka hadi mwaka alishajua mapema. Na Baltimore waliendelea kumchezesha kwa sababu ya dola zile. Kwenye fantasi ugonjwa huo tunao pia: umemchagua mtu raundi ya kwanza, unaona aibu kumwacha. Aibu yako haimwongezei pointi.

Tumalizie na Gehrig, yule yule aliyeingia kwa ukame wa Pipp. Mwaka 1938 namba zake zilishuka kidogo: 0.295 na homurani 29, namba ambazo mwingine angefanya sherehe, kwake zilikuwa chini. Mwaka 1939 ukaanza, mechi nane, mapigo mazuri manne kwa zamu 28. Watu wakasema ukame. Kocha Joe McCarthy hakutaka kumgusa. Tarehe 2 Mei 1939, mjini Detroit, Gehrig mwenyewe alikwenda kwa McCarthy akamwambia amtoe, kwa faida ya timu. Mwezi uliofuata madaktari wa Mayo Clinic waligundua ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli mpaka mwisho. Alifariki tarehe 2 Juni 1941, miaka 16 kamili tangu alipochukua nafasi ya Pipp.

Mechi nane ni kidogo. Kwa hesabu zetu za kalamu, zamu 28 hazithibitishi lolote. Wenzake hawakuhitaji hesabu: walimwona akijikwaa kwenye njia ya besi, wakaona mpira aliopiga katikati ya gongo haufiki mbali. Namba zilikuwa changa, mwili ulikuwa umeshasema.

Basi kwenye ligi yetu tumepitisha hivi, kura sita kwa mbili. Hakuna kumtema mchezaji wa raundi tano za kwanza kabla hajapiga zamu 100, isipokuwa ameumia au timu yake imemshusha ligi ya chini. Anayetaka kutema aandike kwenye kundi jina la anayeingia, na aseme anayetoka anatokaje, kwa kudakwa au kwa straiki. Na timu yetu ya mpira wa miguu hapa kambini, kuanzia wageni waliofika mwezi huu, majaribio hayatakuwa tena ya jioni moja. Ni wiki tatu, mazoezi yote, na viatu vya kuazima vipo kwa asiye navyo. Wenye ndugu waliofika juzi wawaambie waje Jumanne, saa kumi jioni.